Mkono wa Doña Nieves

Katika barabara ile ya El Alto, mji wa juu milimani, inayoelekea Viacha, hakuna jambo la mtu mmoja. Ukinunua kuku, jirani anajua ni jogoo au tetea kabla hujamfungua miguu. Kwa hiyo Don Severo Limachi alipotamka kwamba anatafuta mashine ya kufungulia matairi, barabara nzima ilianza kuitafuta pamoja naye.

Haki ya kuitafuta alikuwa nayo. Tangu ujana alifungua matairi kwa mitaimbo na nyundo, ameinama, mpaka kiuno chake kikawa kinalia kama bawaba isiyoonja mafuta. Kwa mitaimbo hakuna aliyemfikia. Tairi lilitoka kwenye rimu kabla dereva hajamaliza kuyatukana mashimo yaliyomtoboa. Lakini siku hizi mabasi madogo ya chama cha madereva yalikuwa yameanza kuvaa rimu za aluminiamu, zinazong'aa kama meno ya mchumba, na mtaimbo ukigusa rimu ya namna hiyo unaacha kovu. Huko juu karibu na kituo cha ushuru kulikuwa na kijana mwenye mashine. Madereva walianza kwenda kwake, mmoja mmoja, wakipita kwa Don Severo wametazama upande mwingine kama watu wanaodaiwa.

"Nunua ya mtumba kule kwenye gulio la Alhamisi," alishauri huyu.

"Weee! Za mtumba zimetoka pwani. Zikifika huku juu zinakosa pumzi kama watalii," alipinga yule. "Utaipa mashine majani ya koka itafune ipate pumzi?"

Mkewe Balbina, mwanamke wa maneno machache na kofia iliyokaa sawasawa kichwani, alikuwa na lake moja tu. "Chukua ndogo, Severo. Uliza, jaribu, halafu uliza tena. Kuuliza hakuna mtu anayekutoza."

Mama wa ubatizo alipatikana kabla ya mashine. Kitu kipya hakianzi kazi bila mtu wa kukishika mkono: analeta bia, anarusha karatasi za rangi, anaivunja chupa kwenye chuma, ardhi inakunywa yake na watu wanakunywa yao. Don Severo na Balbina walibeba mikate na ndizi kwenye kitambaa wakaenda kwa Doña Nieves Cachi, mjane mwenye mkahawa uliopakana na karakana yao ukuta kwa ukuta. Huyu ndiye aliyempelekea Severo supu kitandani alipovunjika mbavu, kila siku, mpaka akaweza kucheka bila kushika ubavu. Walipomweleza kilichowaleta, Doña Nieves alifuta macho kwa ncha ya aproni.

"Mimi, kompadre?" alisema, akimwita kwa jina la udugu wa ubatizo. "Mbona wapo wenye magari?"

"Wenye magari hawakuniletea supu, komadre."

Siku ya kuchagua, Severo alivaa koti lake la harusi. Duka lilikuwa na mashine zimepangwa mstari kama askari wa gwaride, na muuzaji alikuwa binti mwenye ovaroli ya buluu na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Jina lake Jhoselin. Alimkaribisha vizuri, akamwonyesha ya kwanza, ya kijivu, fupi, isiyo na madoido.

"Hii ndiyo wanayoipenda wanaoanza, Don Severo. Haina makuu."

Wanaoanza! Nyuma yake walikuwa wamesimama mafundi wawili kutoka mtaa mwingine, nao wanatafuta mashine, na masikio yao yalikuwa marefu. Severo aliona joto likimpanda shingoni.

"Umeme wa kwako ni wa fezi moja au tatu?" aliuliza binti. "Kompresa yako inabeba hewa kiasi gani? Na wateja wako wana rimu za chuma zaidi, au aluminiamu?"

Severo alitikisa kichwa, mtikiso ule ambao kwa anayetaka ni ndiyo na kwa asiyetaka ni hapana. Balbina alinong'ona, "Muulize basi hizi pedali," na Severo akamfinya mkono anyamaze.

"Ulishatumia za aina gani?" aliuliza Jhoselin.

"Zote," alisema Severo.

Neno lilitoka lenyewe. Ukweli ni kwamba hata moja hakuwahi kuigusa. Alimwona kijana wa kituo cha ushuru akiitumia yake, kwa mbali, huku akijifanya anasubiri basi.

"Basi mafunzo yetu ya nusu siku hutayahitaji? Ni bure, tunampa kila mnunuzi."

"Binti yangu," alisema Severo, na akapandisha sauti ili wale wa nyuma wasipitwe, "mimi nafungua matairi tangu wewe unanyonya."

Wale mafundi wawili waliangua kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa upande wake. Ndicho kilichomsukuma. Alipita ya kijivu, akapita ya buluu, akaenda hadi mwisho wa mstari, ilikosimama mashine nyekundu, ndefu, yenye mikono miwili ya kusaidia na vishikio vyeusi asivyojua hata kimoja kinashika nini. Akaipiga kofi begani kama farasi.

"Hii."

Aliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbali kuliko zote na lile neno *wanaoanza*. Balbina alitazama viatu vyake. Mume haaibishwi mbele za watu. Ndivyo alivyolelewa.

Severo alijiambia kwamba mashine ikifika ataizoea kwanza, peke yake, mlango umefungwa. Lakini wiki ile waandamanaji walifunga barabara, mawe yakatandazwa lami nzima, na lori la duka likafika asubuhi ya sherehe yenyewe. Mafundi wa duka waliifunga mashine, wakaunganisha umeme na hewa, na mkubwa wao akasema, "Mzee, tukuonyeshe kidogo?" Tayari bendi ilikuwa inapuliza tarumbeta zake ili zipate joto, na kina mama walikuwa wanashusha kreti za bia.

"Wageni wameshafika," alijibu Severo. "Nendeni salama."

Basi watu wakajaa. Karatasi za rangi ziliivika mashine hadi nyekundu ikaonekana kwa shida. Doña Nieves alikuja na sketi yake ya sherehe, ameishika shingo ya chupa iliyofungwa riboni. Alipiga mara ya kwanza, chupa ikadunda. Akapiga tena, ikadunda. Watu wakasema "aaah!" wakacheka, mlevi mmoja akapiga kelele, "Doña, jifanye ni kichwa cha marehemu!" na mara ya tatu ikavunjika vizuri, povu likatiririka, bendi ikapokea. Bia ikamwagwa pembe zote nne. Hakuna aliyewaza baya.

Ndipo Don Wálter Apaza, mwenyekiti wa chama cha madereva, mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kutangulia zaidi, alipoingia akiviringisha gurudumu la gari lake mwenyewe. Rimu ilikuwa mpya, unaweza kunyolea ndevu kwa kujitazama ndani yake.

"Wa kwanza niwe mimi! Ukinifungulia hii bila mkwaruzo, fundi, chama chote kinarudi kwako. Nimesema mbele ya watu."

"Fun-di! Fun-di! Fun-di!"

Angeweza kusema kesho. Angeweza kusema leo tunakunywa, kazi haichanganyiki na bia. Severo aliinua gurudumu akaliweka kwenye meza ya mashine, akakanyaga pedali, na kwa bahati makucha manne yakaishika rimu. Watu wakapiga makofi. Makofi yakamdanganya. Akashusha kile kichwa cha chuma, chenye umbo la mdomo wa bata, kinachonyanyua ukingo wa tairi, akakikandamiza juu ya rimu kwa nguvu zake zote, maana kwa mitaimbo kukaza ndio ustadi. Akakanyaga pedali nyingine. Meza ikazunguka.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kisu juu ya sahani. Mfereji ulianza kwenye rimu ile ya kunyolea ndevu, mweupe, na ulikwenda ukizunguka. Severo alitaka kusimamisha. Mguu, kwa hofu, ukakanyaga zaidi. Ukingo wa tairi ukachanika, mdomo wa bata ukakatika na kuruka hadi kwenye ngoma ya bendi.

Bendi ikakatika. Tarumbeta moja tu iliendelea kidogo, kwa sababu mpigaji alikuwa amefumba macho.

Na hapo Doña Pacesa, muuza peremende wa kona, mwanamke ambaye habari hupitia kwake kwanza ndipo ziende kutokea, alisema taratibu: "Chupa iligoma mara mbili."

Vichwa vikageuka. Doña Nieves alikuwa bado ameshika ile shingo ya chupa, riboni zimemng'ang'ania vidoleni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ni utani. Severo aliviona vichwa vikigeuka. Mdomo wake ulikuwa wazi, neno limefika kwenye meno: *ni mimi, sijui kuitumia.* Akaufunga. Lo, nafuu aliyoipata! Kama mtu aliyesimama juani tangu asubuhi, ghafla wingu likapita. Alipenda wingu lile. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote, kwamba alilipenda.

Uvumi hauhitaji barabara nzuri. Kesho yake ilisemekana mkono wa mjane ni mzito. Keshokutwa ilikumbukwa kwamba alipoombwa alilia, na nani analia kwa furaha ya mwenzake? Ni kijicho kile. Halafu mtu akaota marehemu mume wake ameikalia mashine. Madereva, watu wanaosafiri na roho mkononi, hawachezi na mambo ya namna hiyo. Walianza kula upande wa pili wa barabara. Sufuria la chairo, ile supu nzito ya viazi vikavu na nyama ya kondoo, lililokuwa likiisha kabla ya mchana kutulia, sasa lilibaki nusu, na Doña Nieves akawa anawagawia mbwa wa mtaa, nao wakanenepa.

Severo aliifunika mashine turubai. "Inapumzika," alisema alipoulizwa. Kichwa kipya duka lilimletea, akakiweka kabatini hakijafungwa. Akarudi kwenye mitaimbo yake, nyuma ya turubai, akifungua zile rimu za chuma tu. Kwa Nieves hakwenda tena kula. Alijiambia ni kazi nyingi.

Alasiri moja Doña Nieves aliingia mwenyewe, amebeba bakuli limefunikwa sahani.

"Kompadre, mbona huji kula?"

"Kazi, komadre. Kazi imenikaba."

Alitazama karakana tupu. Aliweka bakuli juu ya tairi bovu, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yake, viganja juu. Ilikuwa mikono ya vitunguu na maji ya moto.

"Itazame. Kuna kitu?"

"Mimi sioni kitu."

"Watu wanaona. Wanasema nimekufunga riziki. Mimi sijui mashine, kompadre. Labda kweli nilipiga vibaya, silali nikiwaza. Lakini wewe ndiye mwenyewe. Ukisema halikuwa kosa langu, wataacha. Niambie mimi tu, hata wasisikie. Lilikuwa langu, au halikuwa?"

Hapo ndipo angeweza kusema ukweli. Hakukuwa na bendi wala Don Wálter, ni wawili tu na bakuli la supu. Na Don Severo akatazama dari, akasema:

"Mambo haya, komadre... anayajua Mama Ardhi mwenyewe. Nani ajuaye."

Doña Nieves alishusha mikono. "Basi," alisema. Na alipofika mlangoni: "Jumamosi nafunga jiko. Binti yangu wa Oruro ana chumba."

Alipoondoka, Severo alifunua bakuli. Alikuwa na njaa. Akainywa supu ile yote, akafuta hata chini kwa mkate, na alipoona kitako cha bakuli aliona aibu ambayo rimu ya Don Wálter haikumpa. Mwizi angalau hukimbia na alichoiba. Yeye alikula amekaa.

Balbina alilikuta bakuli. "La kwake?"

Severo aligeukia mitaimbo yake.

"Severo, dukani nilinyamaza kwa sababu wewe ni mume wangu. Sasa nanyamaza kwa sababu gani? Nitajie, ili nijue."

Asubuhi yake alipanda basi hadi dukani, bila koti la harusi. Jhoselin alikuwa na wateja. Severo akasubiri karibu na mashine ya kijivu mpaka wakaisha.

"Binti, ile nusu siku. Bado ipo?"

Jhoselin hakucheka. Labda aliwahi kuwaona wengi wa namna yake. "Ipo, Don Severo. Njoo Jumamosi asubuhi, kabla hatujafungua. Tunafunga mlango, hakuna atakayejua. Wengi hupenda hivyo."

Na jinsi alivyoitamani hiyo Jumamosi! Aliiona yote: atajifunza kimya kimya, mashine itafanya kazi, madereva watarudi, jina lake litang'aa. Na watu watasema nini? Watasema, *mnaona? Mjane kaondoka, mashine imepona.* Atakuwa ameupigilia msumari ule uvumi kwa mkono wake mwenyewe, na Doña Nieves atazeeka Oruro akiitazama mikono yake. Alisimama pale akitamani, ndiyo, bado alitamani, mpaka binti akamwuliza kama anaumwa.

"Hapana," alisema. "Njoo kwangu. Kesho. Saa ya chakula, watu wakiwa wengi."

"Watakucheka."

"Najua."

Ijumaa saa sita mchana Severo alivuta turubai, akaburuta mlango wa karakana hadi mwisho. El Alto mtu akisimama kutazama kitu, wa pili anasimama kumtazama wa kwanza. Muda si muda madereva walivuka barabara na mabakuli yao mikononi, Don Wálter katikati, Doña Pacesa mbele kabisa. Mlangoni mwa mkahawa wake Doña Nieves alitokeza, kijiko kikubwa mkononi, hakusogea karibu.

Jhoselin alifunga kichwa kipya. "Don Severo, siku ile uliacha nafasi kati ya hiki na rimu?"

Maneno aliyoyapanga usiku kucha yalikimbia yote.

"Nafasi ipi?" alisema.

Mtu akaguna kicheko. Jhoselin akangoja.

"Sijui nafasi," alisema Severo, kwa sauti kubwa iliyopasuka katikati. "Sijui kitu. Dukani nilisema nimezitumia zote. Sikuwahi kuigusa hata moja. Niliona haya kuuliza. Rimu ni mimi niliyeiharibu, Don Wálter. Mguu wangu huu."

"Miaka yote hii tunamwita fundi!" alipiga kelele dereva mmoja. "Mashine ilikuwa nzima, mwenyewe ndiye aliyekosa pumzi!"

"Binti, mwanzishie uji kwanza, huyu bado ananyonya!" akadakia mwingine, maana wale mafundi wawili wa dukani hawakulala na habari, na barabara nzima ikapasuka kwa kicheko. Don Wálter alicheka mpaka supu ikamwagikia shati.

Doña Pacesa hakucheka. Uvumi mzuri hauachwi hivi hivi. "Lakini chupa iligoma! Tuliona wote!"

"Chupa ni ngumu, doña, ndiyo maana wanatia bia ndani," alisema Severo. "Komadre wangu alipiga kwa moyo safi. Alikuja kuniuliza kama ni kosa lake. Nilijua si lake. Nikamwambia sijui."

Hapo kicheko kilipungua. Kwa ujinga watu humcheka mtu, kwa lile la pili walimtazama tu, na baadhi wakatazama mabakuli yao, waliyoyanunua upande wa pili wa barabara.

Jhoselin, Mungu ambariki, akaanza kufundisha. Severo aliuliza kila pedali ni ya nini, kila kishikio kinashika nini, akirudia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nafasi kati ya chuma na rimu ilikuwa ndogo, unene wa ukucha, hiyo tu. Meza ilizunguka, tairi likatoka laini kama ganda la ndizi. Alipoinua kichwa ili waone, hakukuwa na wa kuona. Watu walikuwa wameshaingia kwa Doña Nieves, kila mtu na aibu yake ndogo, wanaagiza chairo kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Alinawa mikono, akaenda. Mkahawa ulikuwa umefurika, wengine wanakula wamesimama, na hadithi yake ilikuwa tayari mezani, inaongezwa chumvi. Alipita katikati yao hadi kwenye sufuria.

"Komadre, nisamehe."

Doña Nieves alikuwa akimimina. Alimaliza bakuli, akampa mtu, akachukua jingine.

"Walinikimbia kwa neno ambalo wewe hukulisema," alisema bila kumtazama. "Leo wamerudi kwa neno ulilolisema. Na mimi? Mimi nilikuwa hapa hapa, napika ile ile." Akaonja supu, akaongeza chumvi. "Kesho sifungi. Hilo umelipata. Jingine sijui kama ninalo. Sogea, Don Severo, watu nyuma yako wana njaa."

Akasogea. Alisimama ubavuni mwa ukuta, huku wakihudumiwa waliomtangulia na waliokuja baada yake, wakimpiga bega wakipita, *fundi wetu, fundi wetu mchanga*. Aliwaachia. Mikono hakujua aiweke wapi, akaificha nyuma, akangoja.